Je, Mama Alaumiwe kwa Mtoto Aliyemzaa?

Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na sahaba zake, twasema:

Darasa yetu imepokea swali kutoka kwa ndugu mmoja, mzaliwa wa Mombasa, ambaye kwa miaka kadha sasa akaa Kericho kwa kazi ya kusafirisha chai. Huko alimuoa binti wa Kikipsigis kutoka upande wa Bomet, aliyesilimu kwa ridhaa yake kabla ya nikaha, na Mungu akawaruzuku mtoto wa kiume. Mtoto sasa yu katika mwaka wake wa tano. Hasemi illa maneno mawili matatu ayarudiayo. Akiitwa hageuki, ingawa masikio yake ni mazima. Hutwaa kifuniko cha sufuria akakizungusha sakafuni tangu asubuhi hata adhuhuri, na akinyang'anywa hulia kilio kisicho mfano. Madaktari wamesema ana usonji. Habari ilipowafikia jamaa zake wakamwambia: "Tulikukanya usioe bara. Hiyo ni damu ya mkeo." Na mmoja wao, aliyesoma kidogo, akaongeza kwamba hata wataalamu wa Ulaya na Marekani wamethibitisha kuwa jambo hili latoka katika kinga ya mwili ya mama. Sasa wamtaka amwache mkewe aje aoe pwani. Yeye atuuliza mambo matatu: je, ni kweli waliyoyasema? Ikiwa ni kweli, je, mama ana kosa? Na je, awatii?

Tungaliweza kumjibu kwa mistari michache. Lakini maneno haya tumeyasikia pia hapa mijini kwetu, na katika nyumba nyingi zenye mtoto wa namna hii pana mwanamke aliyenyamaza pembeni, ambaye kila aingiaye humtazama mtoto, kisha akamtazama yeye. Kwa hivyo tumeonelea kulieleza jambo hili kwa urefu.

Ama usonji, ni hali ya ubongo aliyoumbika nayo mtoto, ambayo huonekana katika miaka yake ya mwanzo: katika kusema, katika kuchanganyika na watu, na katika kushikilia jambo moja. Wavulana waonekanao nayo ni wengi kuliko wasichana. Daktari Leo Kanner wa Marekani aliieleza mwaka 1943 baada ya kuwachunguza watoto 11. Kisha likazuka kosa kubwa. Wataalamu wakadai kwamba watoto hawa wameharibiwa na akina mama wasio na mapenzi, walio baridi kama barafu. Bruno Bettelheim aliandika kitabu kizima cha rai hiyo mwaka 1967, na wanawake wengi wakalia kwa dhambi wasiyoitenda. Lakini kabla yake, mwaka 1964, Bernard Rimland, ambaye mwenyewe alikuwa baba wa mtoto mwenye usonji, alikwisha kuonyesha kwamba hali hii yatoka katika maumbile ya mwili. Na mwaka 1977 Susan Folstein na Michael Rutter wakatazama jozi 21 za mapacha huko Uingereza. Katika jozi 11 za mapacha wa yai moja, 4 zilikuwa na usonji kwa wote wawili. Katika jozi 10 za mapacha wasiokuwa wa yai moja, hapakuonekana hata jozi moja. Ikadhihirika kwamba urithi una sehemu yake.

Basi lawama ile ikafa Ulaya. Twaiona sasa imefufuka kwetu, imevaa kanzu nyengine: zamani walisema moyo wa mama ni baridi, na leo husema damu ya mama ni mbaya.

Na tulitazame sasa hilo neno la kinga ya mwili, maana yule jamaa hakulizua. Mwenyezi Mungu ameweka katika mwili wa kila mtu askari wanaoulinda, nao huwapambanua wenyeji na wageni kwa alama zilizo juu ya chembe za mwili. Wataalamu waziita HLA, na aliyetangulia kuigundua mojawapo, mwaka 1958, ni Mfaransa Jean Dausset, ambaye alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1980. Nusu ya alama hizi mtu huzirithi kwa baba na nusu kwa mama. Kwa hivyo mtoto aliye tumboni ni nusu mgeni kwa mwili wa mamake, kwani anazo alama za babake. Lau askari wa mama wangemfanyia mtoto kama wafanyavyo kwa figo ya mtu mwengine, asingezaliwa mtu duniani. Lakini Mola ameweka mapatano katika kondo la nyuma, kinga ya mama ikamstahimili mgeni huyo miezi tisa, na juu ya hayo ikampa sehemu ya ulinzi wake.

Wataalamu wakauliza: mapatano hayo yakiingiwa na kasoro, je, ubongo wa mtoto waweza kuguswa? Tangu mwanzo wa miaka ya 1990, watafiti wa Chuo Kikuu cha Utah State huko Marekani waliona kwamba baadhi ya chembe za urithi za kinga huonekana zaidi kwa watoto wenye usonji na kwa mama zao. Mwaka 2008 watafiti wa California walipima damu ya akina mama 61 wenye watoto wa usonji, wakakuta 7 kati yao wana kinga fulani inayoshika sehemu za ubongo wa mtoto aliye tumboni; kwa mama wa watoto wengine hawakuikuta namna hiyo. Na mwaka 2009 uchunguzi mkubwa wa Denmark ukaonyesha kwamba usonji huandamana kidogo na baadhi ya maradhi ambayo kinga huushambulia mwili wenyewe, kama baridi yabisi ya viungo kwa mama, au kisukari cha utotoni katika ukoo.

Hayo ndiyo aliyoyasikia yule jamaa, ila ameyakata kichwa na mkia. Kwanza, mama 7 kati ya 61 maana yake ni kwamba 54 hawakuonekana na jambo hilo, na watoto wao wana usonji vivyo hivyo. Pili, mambo mawili kuandamana si dalili tosha kwamba moja limezaa jengine. Tatu, chembe za urithi zinazohusika na usonji zimehesabiwa kwa mamia, nyingi zao hazina uhusiano na kinga. Na mabadiliko mengine ni mapya, hayapatikani kwa baba wala kwa mama, yamezuka wakati wa kutungwa mtoto. Nne, umri wa baba ukizidi, nao pia huandamana na usonji. Mbona hatujasikia jamaa wakimwambia mwanamume, "Hii ni damu yako"?

Hata kwetu Afrika Mashariki jambo hili limetazamwa. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2006 juu ya watoto 20 wa Tanzania ulionyesha kwamba baadhi yao hali hii iliwadhihirikia baada tu ya malaria kali. Na hapo Kilifi, katika kituo cha utafiti wa afya cha KEMRI, huchukuliwa vipimo vya urithi vya watoto wenye shida za ubongo, na wazee wao pamoja nao. Mtafiti mwenye insafu humpima baba na mama. Jamaa wa mume wamekwisha kutoa hukumu bila ya kumpima hata mmoja.

Ndugu yetu aliyeuliza akaa katikati ya michai, basi na achukue mfano ulio mbele ya macho yake. Mchai uliopandwa kwa mbegu haufanani sawasawa na mamake, kwa sababu ua la mchai hulikataa vumbi la ua lake lenyewe na hutaka la mti mwengine. Kila mbegu ni mchanganyiko mpya, na shamba la mbegu huwa na miti ya kila tabia. Mwenye kutaka mti mmoja usiobadilika hukata kipande cha tawi akakiotesha kitaluni. Mwanadamu hazaliwi kwa kipande cha tawi. Kila mtoto ni mbegu, baba na mama wamechanganyika ndani yake kwa mchanganyiko ambao haukutangulia, wala hakuna aliyeuchagua isipokuwa Muumba.

Tena hao wasemao "damu ya bara" na watazame damu ya pwani. Katika watu wa Kilifi, kiasi cha 15 kati ya kila 100 wana chembe moja ya selimundu, ilhali kwa watu wa nyanda za juu za Kericho na Bomet ni haba. Daktari Anthony Allison alionyesha mwaka 1954 kwamba chembe hii humkinga mtu na malaria. Akiirithi kwa mzazi mmoja, ni ngao; akiirithi kwa wazazi wawili, ni maradhi makali. Jambo lile lile ni rehema kwa ndugu mmoja na mtihani kwa ndugu yake wa tumbo moja. Na nyanda zile, kwa kuwa wenyeji wake hawakuzoea malaria, zilipata kupigwa na miripuko yake, kama zionyeshavyo daftari za hospitali ya mashamba ya chai zilizowekwa tangu mwaka 1965. Kwa hivyo kila watu wana walichokingwa nacho na walichofunuliwa kwacho. Basi ni damu gani iliyo safi, na ipi iliyo mbaya?

Sasa tuje kwenye shina la swali. Tukadirie kwamba jamaa wasema kweli tupu, kwamba sababu ya usonji wa mtoto huyu ni kinga ya mamake. Je, hapo atakuwa na kosa?

Twasema: hapana. Sababu ni kitu kimoja na taksiri ni kitu chengine, na kuyachanganya mawili haya ndio mlango wa dhuluma. Katika sharia yetu mtu hahukumiwi kuwa ana kosa mpaka awe na ujuzi, uwezo na hiari. Mama huyu hakujua ni alama gani zilizo juu ya chembe za mwili wake, hakuwa na uwezo wa kuzibadilisha, wala hakuhiari kuzaliwa nazo. Mwenye kumlaumu hana budi aonyeshe ni amri gani aliyoiacha au katazo gani alilolivunja. Akishindwa kulionyesha, basi lawama yake ni tuhuma tu. Na Qur'ani imekariri zaidi ya mara moja kwamba nafsi haitatwikwa mzigo wa dhambi ya nafsi nyengine. Itakuwaje basi nafsi itwikwe mzigo wa jambo lisilokuwa dhambi kabisa?

Na jambo hili lina asili katika mwenendo wa Mtume (S.A.W.) mwenyewe. Katika hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim kwa Abu Huraira, bedui mmoja alimjia akamweleza kwamba mkewe amezaa mtoto mweusi, na katika maneno yake mlikuwa na dalili ya kutaka kumkana. Mtume (S.A.W.) hakumkaripia. Alimuuliza kama ana ngamia, na rangi zao. Bedui akajibu kuwa ni wekundu. Akamuuliza kama hamna ndani yao wa rangi ya kijivu. Akakiri kuwa wamo. Akamuuliza rangi hiyo imetoka wapi. Bedui mwenyewe akasema huenda ni mshipa wa asili uliomvuta. Ndipo Mtume (S.A.W.) akamwelekeza kwamba huenda na mwanawe pia amevutwa na mshipa.

Na azingatie mwenye akili. Mume alikuja na sababu ya urithi akaifanya tuhuma, Mtume (S.A.W.) akaichukua sababu ile ile ya urithi akaifanya udhuru. Urithi ulitajwa ili mwanamke asalimike. Leo sisi tumekuja na ilimu ya urithi iliyo kubwa kuliko ya bedui yule, na twataka kuitumia kumtoa mwanamke nyumbani mwake. Hiyo ni kuigeuza Sunna juu chini.

Pengine watasema: Je, hatukuamrishwa tuchague mahali pa kuweka mbegu zetu? Twajibu: hadithi wanayoikusudia wanazuoni wamesemezana juu ya sanadi yake, na hata tukiikubali, maana yake ni kuchagua dini na tabia kabla ya nikaha. Haimpi mtu ruhusa ya kumrudisha mke baada ya kuzaa naye. Hata leo hakuna kipimo cha damu kiwezacho kuwaambia wawili kwamba watazaa mtoto mwenye usonji. Mwenye kuwauzia kipimo hicho awaibia fedha zao. Ama kupima selimundu kabla ya ndoa ni jambo jema, kwani hilo lajulikana na faida yake yajulikana.

Pengine watasema: Hii ni adhabu ya dhambi iliyofichika. Twajibu: nani aliyewafunulia ya ghaibu? Nabii Yaakub (A.S.) alipotewa na mwana akalia hata macho yake yakaweupe, Nabii Ayub (A.S.) alipatwa katika mwili na watu wake. Nani athubutuye kusema ilikuwa ni kwa dhambi zao? Mtihani twaujua kuwa ni mtihani. Hikima yake kwa mtu fulani kwa jina lake hatukupewa ilimu yake, na kuidai ni kumsemea Mwenyezi Mungu bila ya ujuzi.

Pengine mwengine atasema: Ikiwa hapana wa kulaumiwa, basi ni kadari tu, tukae. Huyu naye amekosea kwa upande wa pili. Mtume (S.A.W.) alimwelekeza mwenye ngamia amfunge kwanza, kisha atawakali. Mja mzito alale ndani ya chandarua, ahudhurie kliniki, atibiwe homa upesi. Na mwenye kulipuuza hilo hali alijua, na atubu. Wala hata yeye hatuwezi kumwambia kwamba uzembe wake ndio uliomfanya mtoto awe hivi, kwani hilo halijui illa Mola. Mtoto naye apelekwe mapema, maana hufundishika. Tangu mwaka 1984 serikali ya Kenya ina vituo vya kuwapima watoto wenye mahitaji mbali mbali na kuwaelekeza kwenye shule ziwafaazo.

Ama hukumu za sharia, ndugu yetu na azishike hizi. Vitabu vya madhehebu yetu ya Shafii vimezihesabu aibu zinazompa mume haki ya kufasikhi nikaha. Kuzaa mtoto mgonjwa hakumo katika hizo. Wakitaja kufu, kufu ni haki ya mke na walii wake, si haki ya mume wala ya shangazi zake. Talaka imo mkononi mwake, lakini kumwacha mwanamke kwa kosa ambalo hakulitenda ni kumdhulumu, na kuwatii wazee hakuwi katika dhuluma. Na awajibu jamaa zake kwa adabu na upole. Juu ya hayo, hata akimwacha, mzigo hautampungukia: nafaka ya mtoto ni juu yake, na ikiwa mtoto atabaleghe hali hawezi kujichumia wala hana mali, nafaka hiyo yaendelea. Na ulezi wa mtoto asiyejitambua mambo yake ni haki ya mama kwanza, hata akipita umri wa watoto wengine kuchaguzwa. Basi watakuwa wamemvunjia nyumba wasipate walichokitaka.

Tumesema mama hana lawama. Lakini lawama zipo, na wenyewe wapo. Alaumiwe amfungaye mtoto chumbani ili wageni wasimwone. Alaumiwe mganga asemaye mtoto amebadilishwa na majini, akachukua fedha za mbuzi na ubani na pungwa za siku saba, kisha akamrudisha mtoto vile vile na baba yu fukara. Alaumiwe akatazaye chanjo kwa uvumi wa Andrew Wakefield wa mwaka 1998, ambao jarida la Lancet lililouchapisha liliufuta mwaka 2010. Alaumiwe mwalimu wa chuo ampigaye mtoto huyu bakora kwa kutokariri alifu, hali ya kuwa kalamu imeondolewa juu ya asiye na akili ya kumkalifisha. Na tulaumiwe sisi sote tunaoalika nyumba saba za mtaa harusini tukairuka moja.

Na neno letu la mwisho ni kwa watu wa miji yetu. Chai ya Kericho na Bomet huteremka kila wiki, na tangu mwaka 1969 mnada wake wa Afrika Mashariki uko Mombasa. Wangapi miongoni mwetu wala kwa kuipokea, kuipakia na kuiuza, na ni nyumba gani isiyoitia maziwa na tangawizi alasiri? Itakuwa vipi majani ya nchi ile yawe halali ya vikombe vyetu, na binti wa nchi ile, aliyeshuhudia shahada tunayoishuhudia, awe ni najisi ya ukoo? Uislamu ulikuja ukaliweka fahari ya nasaba chini ya nyayo. Mwenye kuliokota na kulivaa tena asitafute wataalamu wa Marekani wa kumtetea.

Ewe ndugu yetu, keti na mkeo, mshike mkono mwanao, umfundishe neno moja kwa mwezi ikiwa halipatikani jengine. Mwenyezi Mungu amfungue ulimi wake, awape wazee wake subira na malipo, na atupe sisi haya ya kutomtupia mtu mzigo ambao Yeye hakumtwika. Amin.

Wallahu aalam.